Kemshafti Mbili Zilizoning'inia Gikondo

Salvator alikuwa na ugonjwa ambao mafundi wengi hawana: hakufunga injini mpaka awe na hakika na kila kilichomo. Kule Buyenzi, mjini Bujumbura, alikokulia na kujifunza kazi, wateja walimtukana kwa kuchelewa kisha wakarudi kwake, kwa sababu gari lililotoka mikononi mwake halikurudi kesho yake likivutwa kwa kamba. Mkewe, Générose, alikuwa akimwambia kwamba angekuwa mkulima angekufa njaa. Mchagua jembe si mkulima, wahenga walishasema. Salvator alicheka tu, maana ugonjwa huo ndio uliokuwa unamlisha yeye, mke na watoto watatu.

Siku ugonjwa ulipomgeukia alikuwa Kigali, mwaka 1994, mvua za Novemba zikipiga. Mji huo aliujua kwa masimulizi ya wazazi wake, waliokimbia kabla yeye hajazaliwa, na aliuona kwa macho yake mara ya kwanza Agosti ya mwaka huohuo, wiki chache baada ya mauaji na vita kumalizika. Aliingia na godoro moja, sanduku la spana na watoto waliochoka. Alitafuta pa kuwalaza. Gikondo akakuta nyumba ya matofali yenye tundu kwenye paa na mlango ulioachwa wazi, ndani hamna mtu.

Ndivyo wengi walivyofanya miezi ile. Waliotoka Burundi, Uganda, Zaire na Tanzania walikuta nyumba zisizo na watu wakaingia. Kitendo hicho kilikuwa na jina lake, kubohoza, yaani kukomboa, na watu walilitamka wakicheka, ila si kicheko cha mtu aliyeshiba. Salvator hakulitamka. Yeye alijiambia kwamba hakuvunja kitasa, na kwamba mlango ulikuwa wazi. Alijiambia hivyo mara nyingi mno kwa mtu anayeamini anachosema.

Générose hakujiambia chochote. Siku ya pili alikusanya viatu vya wenye nyumba, nguo, mashuka na kijigauni cha mtoto wa miaka kama miwili, akavifua vyote, akavianika, akavikunja na kuvifungia katika chumba cha mbele. Ufunguo aliufunga kwenye uzi akauvaa shingoni. Vikombe tu ndivyo alivyobakiza, kwa sababu wao hawakuwa navyo. Familia nzima ililala sebuleni, kichwa cha huyu miguuni mwa yule, na chumba kizuri kuliko vyote kikabaki kimefungwa.

"Wenyewe wakija," alisema, akaishia hapo.

Shida ya Salvator ilikuwa uani. Chini ya kibanda cha mabati palisimama Pijo 504 ya injekshini, ya rangi ya kijivu, ya zamani lakini imetunzwa, boneti wazi na tumbo tupu. Injini yake ilikuwa juu ya meza ya mbao karibu na gari, imefunikwa turubai, kichwa kimevuliwa, kila kipande kimeoshwa. Mtu aliyekuwa akiifanyia kazi alikuwa ameondoka katikati ya kazi. Kwenye sanduku lake la spana palikuwa pamepakwa jina kwa rangi nyeupe: SILVÈRE.

Salvator alimpenda mtu huyo kabla hajajua lolote jingine juu yake. Tapeti nane za injini, vile vichuma vinavyosukuma valvu, alizikuta kwenye trei ya mayai, kila moja kwenye shimo lake kwa mpangilio, maana tapeti iliyozoea mahali pake ukiihamisha inaharibu na kuharibika. Ndani ya stoo alikuta kemshafti mbili zimening'inizwa kwa waya kutoka kwenye boriti, zimepakwa grisi. Fundi wa ovyo huilaza kemshafti chini, ikapinda taratibu bila yeye kujua. Anayeining'iniza ni yule aliyewahi kupigwa kofi na mwalimu mzuri. Salvator mwenyewe alipigwa kofi hilo akiwa na miaka kumi na sita.

Lakini kwa nini mbili? Injini hutumia moja.

Kemshafti, ambayo mafundi wa upande wa Kifaransa huiita arbakamu, ni chuma kirefu chenye nundu. Kikizunguka, nundu zinasukuma, valvu zinafunguka na kufunga, na injini inavuta pumzi na kuitoa. Ya kwanza kati ya zile mbili ilikuwa ya gari lenyewe, yenye nundu fupi. Injini ya nundu fupi hupumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo kichwani, taratibu, bila kukatika. Ya pili ilikuwa imechongwa kwa ajili ya mashindano, nundu zake ndefu na kali. Hiyo ukiiachia barabara inaruka, lakini ukiiambia isimame ingoje, inakohoa na kuzima. Na kila moja ilikuwa na dosari yake. Ile fupi ilishatumika sana, na nundu yake ya sita ilikuwa imeanza kuliwa, ina vitobo vidogo kama vya sindano. Ile ndefu ilikuwa mpya, laini, haina doa, ila gari hili lilikuwa la injekshini ya zamani, na pampu yake ya petroli ilitengenezwa kwa kuijua ile fupi.

Silvère alikuwa anaelekea kuweka ipi? Salvator alijiuliza hivyo siku ya kwanza kwa udadisi wa kifundi. Wiki zilivyopita akaanza kujiuliza hata anapokula.

Mchana alikuwa akifanya kazi Nyabugogo, akifungua magari yaliyokaa miezi bila kuguswa na kuyafanya yangurume tena. Jioni alirudi, akakunja turubai, akatazama. Kila alipotazama alisikiliza na mlango wa uani. Mguu wa mtu yeyote nje ya ukuta ulimfanya aweke spana chini. Aliogopa, na alijua anaogopa nini: siku moja mtu mwenye haki angeingia na kusema hapa ni kwangu, na watoto wangebebwa tena pamoja na godoro, na safari hii hakukuwa na mahali pa kurudi, kwa sababu Bujumbura nako watu walikuwa wanauawa.

Ndipo akaingia Mutsinzi. Mutsinzi alikuwa ofisa katika wizara moja huko Kacyiru, kijana aliyekulia Kampala, mcheshi, mwenye pikapu ambayo bado aliiendesha upande wa kushoto kila alipojisahau, hata majirani walishajifunza kumkwepa. Aliiona Pijo siku alipoleta pikapu yake itazamwe breki, na tangu hapo hakupita siku nyingi bila kuchungulia. Kinyarwanda cha nyumbani wote wawili walikijua, ila mambo ya gereji waliyazungumza kwa Kiswahili, kama gereji zote.

"Fundi, hii gari iko tayari lini?"

"Bado, shefu. Nachagua arbakamu."

"Bado unachagua? Weka ile kali. Kule Kampala vijana wa rally wanaitafuta na hawaioni."

"Nguvu iko, shefu, sikatai. Lakini chini haikai. Hii pompa haiulizi moteri imevuta hewa ngapi. Inaangalia mguu yako na mbio ya moteri, basi. Ukiondoa mguu, inamwaga petroli mingi, moteri inakufa."

"Kwani nani alisema nitaondoa mguu?" Mutsinzi akacheka, akapiga boneti kwa kiganja. Kisha akasogea karibu na kushusha sauti. "Sikia. Maliza, mimi nachukua hii gari. Na nyumba usiogope. Mtu akikuja na maneno, mwambie anitafute Kacyiru. Hakuna mtu atakutoa hapa."

Salvator aliitaka ahadi hiyo kuliko kitu chochote alichowahi kutaka. Usiku huo alipowaangalia watoto wamelala, aliiona nyumba kuwa yao, tundu la paa limezibwa, Armel, mkubwa wao, anakwenda shule na kurudi palepale kila siku. Asubuhi akaamka na moyo mzito. Alikuwa ameelewa jambo ambalo bora asingelielewa. Injini ikiwa wazi, yeye ni mgeni tu anayetunza vitu vya watu. Akiifunga na kumpa Mutsinzi gari, amechukua. Hata kemshafti yenyewe ilikuwa imegeuka swali jingine kabisa: ile ndefu ilikuwa ya Mutsinzi na nyumba, ile fupi ilikuwa ya Silvère.

Basi akafanya kile ambacho fundi mwenye ugonjwa wake hufanya akiogopa. Akapima.

Alitaka kujua kama nundu ndefu zingesukuma valvu mpaka zigonge pistoni. Mafundi wa Buyenzi walipima hilo kwa donge: unaweka donge laini juu ya pistoni, unafunga kichwa cha injini, unazungusha kwa mkono, unafungua tena na kuangalia valvu imebonyeza kiasi gani. Alikwenda jikoni akamega ugali wa muhogo. Générose alimkuta uani akiubandika juu ya chuma.

"Baba Armel, hiyo unga tumepewa ya kula."

"Nitairudisha."

"Utairudisha na grisi?"

Donge likatoka limebonyea, limebaki unene wa ukucha. Kwa hiyo ile ndefu ingeingia, ila kwa shida. Jibu kama hilo halimsaidii mtu. Akaanza kuisugua ile fupi kwa jiwe la mafuta, kwenye nundu ya sita, ili aone kama vitobo ni vya juu juu au vimezama. Vingine vilitoka, vingine vikabaki. Nalo halikuwa jibu.

Générose aliketi juu ya gogo, ufunguo ukining'inia kifuani. "Funga yoyote," alisema. "Mimi sijui gari, lakini najua wewe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu imeanza. Nikisikia mlango naangalia watoto kwanza, halafu nashika huu ufunguo. Kila siku. Unataka niishi hivi mpaka lini?"

"Nikishajua ipi iko sawa."

"Hutajua," akasema mkewe, akaenda kusonga ugali uliobaki.

Jumapili moja alasiri, mvua ikiwa imepungua na kubaki manyunyu, mlango wa uani ulifunguka. Salvator alikuwa kwenye meza ya injini na aliuona ukifunguka, na kilichomkata maini ni namna ulivyofunguliwa. Mlango ule ulikuwa umelegea bawaba. Mgeni yeyote alipousukuma ulikwama chini, akabaki akiutikisa na kuita. Aliyeingia sasa aliuinua kidogo kwa ncha ya kiatu ndipo akausukuma, bila hata kuangalia chini.

Alikuwa bibi mwembamba, amejifunga kitenge juu ya sweta, mkononi mwavuli wenye njiti moja iliyovunjika. Alisimama, akatazama paa, akatazama kibanda, kisha akawatazama wao.

Sasa, mambo ya nyumbani yana utaratibu wake, na watu waliokulia ugenini ndio wanaoushika kwa nguvu zaidi. Mgeni, hasa mzee, hapigwi swali mlangoni. Anakaribishwa, anakalishwa, anapewa cha kunywa, wanaulizana mvua na mavuno, na shida iliyomleta ataitoa mwenyewe atakapokuwa tayari. Salvator na mkewe waliufuata utaratibu huo mpaka mwisho, na ulikuwa mateso. Générose alichemsha chai. Salvator alileta kiti. Bibi akauliza watoto wanaendeleaje. Wazima. Akasema upande wa Kabuga mvua imekuwa nzuri. Salvator akasema ni kweli, mwaka huu imekuwa nzuri, huku jasho likimtoka mgongoni.

Chai ikaja. Bibi akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakizungusha taratibu mpaka akapata mahali kilipomeguka ukingoni, akapapasa pale kwa kidole gumba. Générose aliona. Bibi akanywa chai yote, akaweka kikombe chini.

"Mimi ni Nyiramana," alisema kwa Kinyarwanda, na mazungumzo yote baada ya hapo yalikuwa kwa lugha hiyo. "Silvère ni mwanangu. Alikuwa mwanangu."

Générose alipiga magoti palepale, akavua uzi shingoni, akamwekea ufunguo mapajani. Alisema vitu vyao viko chumba cha mbele, vimefuliwa. Bibi aliushika mkono wake kwa muda, kisha akamgeukia Salvator.

"Wewe ni fundi. Nimeona mikono. Nionyeshe gari."

Alimpeleka chini ya kibanda. Nyiramana alitazama injini iliyo wazi bila kushangaa, kama mtu anayeitambua sura. Kisha akaenda mwenyewe mpaka mlango wa stoo, akachungulia, na Salvator akamwona akishika mwimo wa mlango.

"Bado ziko mbili," alisema.

Salvator alidhani analaumiwa kwa uvivu. Maneno yakamtoka mbiombio: kwamba hakuuza kitu, kwamba ile fupi nundu ya sita imeliwa, kwamba ile ndefu ni mpya lakini pampu haiielewi, kwamba jambo hili si la kuharakishwa. Bibi akainua kiganja. Akakaa juu ya sanduku la spana, juu ya jina la mwanawe.

"Yote hayo nimeshayasikia," alisema. "Kuanzia mwezi wa pili nimekuwa nikiyasikia. Silvère alisema Kigali hakufai tena, atatupeleka Tanzania, kwa binamu yetu aliyeko Ngara, mpaka mambo yatulie. Yeye, mkewe Mukunde, na mtoto. Wangepita Kabuga wanichukue. Nilifunga mzigo wangu nikauweka nyuma ya mlango. Akasema, mama, nikishamaliza injini. Jumapili nikaja kuwaona, nikamwuliza, umemaliza? Akasema, bado nachagua. Njia ya mbali, mama, hairuhusu makosa. Jumapili nyingine, bado nachagua. Alinionyesha hicho chuma, akanieleza habari za nundu, kama ulivyonieleza wewe sasa hivi. Mtoto mwema. Hakutaka kutuharibikia njiani."

Mvua ilikuwa inadondoka kwenye bati.

"Mwezi wa nne ulipofika, gari lilikuwa hivi unavyoliona. Walitoka kwa miguu. Walisimamishwa kwenye kizuizi baada ya Remera, kwenye kona yenye mikalitusi. Kuna mtu alinionyesha mahali. Mukunde alikuwa amembeba mtoto."

Salvator hakuwa na pa kuweka mikono yake. Alitaka kumwambia kwamba hata gari lingekuwa zima, wiki ile vizuizi havikuacha gari wala mguu. Lakini mwezi wa pili barabara zilikuwa wazi, na mwezi wa tatu pia, na yeye na bibi walijua hivyo. Aliona aibu kama mtu aliyekamatwa, ingawa hakumjua Silvère na hakuwepo. Aliijua ile Jumapili. Aliijua sauti ya mtu anayesema bado nachagua.

"Na wewe," Nyiramana akamwuliza, "wewe unangoja nini?"

"Nilikuwa nakuogopa wewe, mukecuru," Salvator akasema. "Au mtu yeyote kama wewe. Niliona nikifunga injini, nimeiba. Nikiiacha wazi, sijaiba. Kuna mtu ananitaka nimpe gari, naye atanilindia nyumba."

"Nyumba nitairudia," bibi alisema. "Hiyo ujue. Nitairudia mvua zikiisha, kwa sababu watoto hawatolewi nje mvua inaponyesha. Lakini injini usiingojee mvua."

"Niweke ipi?"

"Unaniuliza mimi? Weka yoyote. Iliyo karibu na mkono wako."

Salvator aliingia stoo akafungua waya. Iliyoshuka mikononi mwake ilikuwa ile fupi. Labda ndiyo iliyokuwa karibu, labda mkono ulishajua siku nyingi na kichwa ndicho kilichokuwa kinaukatalia. Générose, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishusha pumzi.

Aliifunga juma lile. Nundu ya sita aliisugua mpaka ikakubali kiasi ilichokubali, akaacha. Tapeti alizitoa kwenye trei ya mayai moja moja na kuzirudisha kila moja mahali pake, kama Silvère alivyozipanga. Akaweka cheni, kichwa, pampu. Mara mbili alijikuta ameanza kufungua alichokifunga ili ahakikishe tena, na mara zote mbili Générose, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama tu akamwangalia mpaka akaacha.

Mutsinzi alikuja Ijumaa, akakuta injini imeshaingia garini. Kabla hajaanza utani, Salvator alimwambia: mwenyewe amekuja. Mama yake. Akamweleza na mambo ya Februari na Machi, kwa maneno machache, akiangalia chini. Alitarajia hasira, au kuulizwa kuhusu karatasi za umiliki, au angalau ile ahadi ya nyumba irudishwe mfukoni mbele yake.

Babu yake Mutsinzi alizikwa kambini Uganda akiwa anaulizia ng'ombe wake wa Rwanda, na hayo Salvator aliyajua kwa sababu Mutsinzi aliyasimulia siku moja akicheka. Leo hakucheka.

"Iko na betri?" Mutsinzi akauliza.

"Ilikufa."

Mutsinzi akaenda kwenye pikapu yake, akafungua betri mwenyewe kwa mikono yake ya ofisini, akaileta kibandani na kuchafua shati. Injini ilizunguka, ikakataa, ikazunguka, ikashika. Ilitetemeka kidogo kisha ikatulia, ikawa inanguruma mahali pamoja, mguu wa mtu ukiwa haupo kwenye mafuta. Mutsinzi alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema ile kali ingelia vizuri zaidi. Alisema hivyo bila ubishi. Akaondoka kwa miguu, na betri akaiacha.

Jumapili iliyofuata Nyiramana alifika kwa basi kutoka Kabuga. Salvator alimfungulia mlango wa mbele wa gari, naye akakaa kwa tahadhari, mwavuli magotini. Salvator alidhani bibi anataka kupelekwa nyumbani kwake tu. Waliposhika barabara kuu aliongeza mwendo, ili amwonyeshe kwamba gari la mwanawe ni zima.

"Hapana," bibi akasema. "Polepole. Nenda mwendo wa mtu anayetembea na mtoto mgongoni."

Salvator akaondoa mguu. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote unayoweza kuiomba injini: kwenda bila kwenda, kupanda bila mbio. Alisubiri ikohoe. Alifikiria vitobo vya nundu ya sita. Walipanda kuelekea Remera kwa gia ya kwanza, magari yakiwapita na kupiga honi, watu wa pembezoni wakiwatazama, na mtu mmoja mwenye baiskeli akawapita pia. Bibi hakugeuza shingo. Alikuwa akitazama ukingo wa barabara, mahali ambapo mtu angekanyaga.

Baada ya Remera ilikuja kona yenye mikalitusi.

"Hapa."

Alisimamisha gari na kupeleka mkono kwenye ufunguo. Bibi akaushika mkono huo.

"Usiizime."

Wakakaa. Mlima uliendelea mbele yao, barabara ya Kabuga, Rwamagana, mpaka Tanzania, imenyooka na haina mtu. Nyiramana hakushuka. Hakulia pia, ingawa Salvator alikuwa amejiandaa kwa kilio na hakuwa amejiandaa kwa hiki. Alikuwa anasikiliza injini. Iliendelea kunguruma polepole, kwa sauti moja, haikohoi, haizimi, na Salvator, ambaye maisha yake yote alikuwa akiiombea kila injini iwe hivyo, aliomba hii izime.

"Kumbe hii ingetosha," bibi akasema.

Salvator aliangalia usukani. Walibaki pale na injini ikiwaka, mpaka bibi alipomwambia twende.